Koti ya Studio

Jumamosi, 22 Novemba

Sasa nilikuwa nimefika wapi kabla maziwa imwagike? Eeh, kwa Ndungu. Nilikuwa nasema amefika hapa saa nne, kamera kwa shingo, machungwa kwa mfuko, na hakuna mtu amempa kiti. Amesimama tu kwa geti. Kisilu, kaka yetu mkubwa, alikuwa hapo ananoa panga. Alimwona, akaendelea kunoa. Hiyo panga ilinolewa mpaka nikaionea huruma. Mimi ndiye nilisema, "Baba Ciku, ingia, ama umeandikwa kazi ya geti?"

"Asante, Mama Mutanu," akasema.

Miaka kumi na moja ananiita hivyo, kama mtu tulijuana kwa foleni ya maji. Hawezi kuniita shemeji. Kisilu alimkataza mbele ya watu: "Shemeji ni wa mbuzi. Wewe zako ziko wapi?"

Sista, kama unasoma hii, pole. Uliniambia niandike kila siku mgonjwa amekula nini na maumivu iko aje, alafu nikuletee daftari Januari. Lakini hukusema nisiandike mengine, na mimi nikishika kalamu ni kama nimeshika simu ya mtu mwingine, siachi. Mahali si ya mgonjwa utaruka.

Mgonjwa ni Kanyiva wetu, kitinda mimba, anaelekea miaka arobaini na mbili, kansa ya koo. Mlisema tumrudishe nyumbani ale chenye roho inataka. Sasa nyumbani kwake ni Sultan Hamud, kwa huyu Ndungu mpiga picha. Wamekaa huko miaka kumi na tano, wako na msichana, Ciku, na shamba ya machungwa Kanyiva alipanda kwa mikono yake. Lakini Kisilu alikodisha gari akaenda akamleta hapa Migwani, kwa boma ya baba. Alisema msichana ambaye mbuzi zake hazijaliwa bado ni wa baba yake.

Wewe si wa huku, wacha nikuambie. Sisi mwanaume akitaka bibi analeta mbuzi tatu kwao, tunaita ntheo. Moja inachinjwa, watu wa pande zote mbili wanakula pamoja, hapo imeisha, huyo ni bibi ya mtu. Bila hiyo mnaweza kaa mpaka meno yaishe, siku ya kuzikwa ndugu zake watamchukua. Na Kisilu ashachagua mahali, karibu na kaburi ya baba. Amefyeka nyasi hapo na ile panga. Kanyiva anapaona kutoka kwa dirisha.

Alikula: uji, vijiko tisa. Maumivu: alisema ni kidogo, lakini alikuwa ameshika blanketi hivi, kwa nguvu.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisa. Mama Kimeu amenunua wigi, inakaa kama kuku ameatamia. Nilimwambia Kanyiva akacheka mpaka akakohoa. Uji vijiko nane, cheko moja.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Pojo imeanza kukauka shambani na mvua ndiyo hiyo, sijui inatafuta nini sasa. Vijiko nane.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo ilikuwa jua nzuri, Sista, siku ya kukaa nje. Ndungu alikuja na Ciku, na sanduku ya picha za zamani. Tukamtoa Kanyiva kwa kivuli cha mwarobaini, tukamwekea godoro. Wajukuu wangu walitoa mahindi mabichi shambani, tukawasha moto hapo hapo. Kanyiva hawezi kula mahindi, lakini alisema, "Choma karibu na mimi, moshi haihitaji koo." Akafunga macho akinusa. Watoto walikuwa wanakula embe mpaka kwa viwiko. Ndungu akawapiga picha hivyo hivyo, wachafu. Mimi pia alinipiga, nimefungua mdomo. Kwani kuna wakati nimeufunga?

Alafu tukafungua sanduku. Wueh! Sultan Hamud yote iko ndani. Maharusi, watoto wa kubatizwa, madereva wa malori wameegemea studio ya Ndungu kama ni yao. Tukacheka mpaka Kisilu akatoka kuangalia, akarudi ndani.

Ndiyo nikaiona. Ile picha. Ndungu amevaa koti nyeusi, amekaa na mwanamke mweupe mnene, na watoto wawili kwa magoti, nyuma yao kitambaa imechorwa maporomoko ya maji. Nikauliza pole pole, kama mtu hajui kitu, "Na hawa?"

Kanyiva akachukua. "Huyu? Wanjiro wa Emali. Bwana yake alikuwa dereva wa malori, aliahidi atafika Krismasi wapige picha ya familia. Walimngoja kutoka asubuhi. Watoto wakaanza kulia. Ndungu akavaa ile koti ya studio, akakaa, mimi nikabonyeza kamera."

"Koti ya studio?"

"Si hiyo ya kuazima wateja. Angalia." Akanionyesha. Pasta wetu, koti hiyo. Marehemu Kiilu jirani yetu, ile picha yake ya mazishi, koti hiyo. Kifungo ya juu nyeusi, ya pili kahawia, kwa sababu yenye ilikuwa hapo ilipotea na Kanyiva akashona yenye alipata.

"Sanduku mzima Ndungu hayuko," Kanyiva akasema. "Mpiga picha hajipigi. Yuko kwa hii moja tu, na ni ya familia ya mtu." Alafu akasema, si kwangu, kwa ile picha, "Mimi nataka yangu. Ya karatasi. Na nataka kulala kwa machungwa yangu."

Ndungu akainuka akaenda kuangalia mbuzi za Kisilu, na Ndungu hana haja na mbuzi za Kisilu.

Uji vijiko saba. Mimi mahindi nne na sikusikia tamu ya hata moja.

Jumapili, 30 Novemba

Sista, hii usiruke.

Miaka kumi na moja imepita Ndungu alipanga kuleta ntheo. Siku ilitajwa, ilikuwa baada ya Krismasi. Mimi nikaenda Sultan Hamud kumsaidia Kanyiva kununua nguo. Nikapita kwa studio, imefungwa, lakini kwa kioo ameweka picha za kuita wateja. Hiyo ya Wanjiro ilikuwa katikati, kubwa. Ndungu na mwanamke na watoto wawili.

Mtu mwingine angeuliza. Hata mtoto angeuliza! Mimi nilirudi nyumbani na nikakutana na Mama Kimeu kwa kisima. Nikamwambia, "Mimi sisemi kitu, nimeona tu." Hiyo ndiyo yote nilisema, na nilichora na kidole, mmoja, wawili, watatu, wanne. Kufika Jumapili kanisani ilikuwa Ndungu ako na bibi Nyeri, watoto wawili na shamba ya majani chai. Mimi hiyo majani chai sikuiongeza, naapa. Ikafika kwa Kisilu. Alipiga simu akamwambia Ndungu asikanyage hapa na mbuzi zake. Ndungu akajaribu kueleza, Kanyiva pia, Kisilu akakata simu. Watu wakasema ni mdomo wa Mama Kimeu, na mimi nikakubali, nikasema, aki huyo mama!

Kisilu hakuwahi kuona hiyo picha na macho yake. Aliisikia tu.

Nitasema. Nitamwambia Kisilu kesho.

Vijiko saba.

Jumatatu, 1 Desemba

Vijiko sita. Sijasema. Kisilu alikuwa na wageni.

Jumanne, 2 Desemba

Vijiko saba! Sijasema.

Ijumaa, 5 Desemba

Vijiko sita. Maumivu ilikuwa mbaya, nilimpa ile dawa ya chupa mara mbili vile ulisema. Kisilu alileta mawe ya kuzungusha pale alifyeka. Mawe mazuri, aliyachagua kwa mto. Anampenda, Sista, hiyo ndiyo mbaya. Mtu akikosea na chuki unaweza kumtusi. Huyu anapanga mawe na machozi. Nilifungua mdomo nikasema, "Umechoka, nikuletee chai?"

Jumamosi, 6 Desemba

Ndungu alikuja. Kisilu akamwambia kwa geti, "Nusu saa." Kama hospitali! Na hata hospitali yenu mlikuwa mnatupatia saa moja. Ndungu akasema asante. Alimpaka Kanyiva mafuta miguu nusu saa, akaenda. Vijiko tano. Sijasema.

Jumanne, 9 Desemba

Tano. Sijasema. Nimenyamaza mpaka majirani wameuliza kama ni mimi mgonjwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimesema.

Asubuhi Kanyiva alikunywa vijiko vitatu, akageuza uso. Akaniambia, "Nzilani, funga hiyo dirisha." Nikasema kuna joto. Akasema, "Funga. Nimechoka kuona kitanda yangu ikitandikwa."

Nikaenda sebuleni. Kisilu alikuwa anakunywa chai. Juu ya kichwa yake iko ile picha yake kubwa, ile kila mgeni anaonyeshwa, ya wakati alifanywa mwenyekiti wa kanisa. Nikapanda kiti nikaishusha.

"We! Picha yangu inaenda wapi?"

"Napangusa vumbi. Kisilu, hii koti ni yako?"

"Swali gani hiyo?"

"Najua tu suti yako ni ya kijivu. Hii ni nyeusi. Na kifungo ya pili ni kahawia."

Akaweka kikombe chini. "Niliazima. Kwani ni dhambi? Ndungu mwenyewe alinivalisha, wakati huo tulikuwa tunaongea. Alisema kila mtu anaazima."

"Kila mtu." Nikatoa kwa kanga zile picha Ndungu aliachia Kanyiva, nikazipanga mezani moja moja. Pasta. Marehemu Kiilu. Yeye mwenyewe kwa fremu. Alafu ya Wanjiro. "Na huyu?"

Alivaa miwani. Aliangalia sana. Kidole yake ikaenda kwa kifungo.

"Hiyo ndiyo picha ya bibi ya Nyeri," nikasema. "Ni kastoma wa Emali, bwana yake alichelewa. Kisilu, kama hii koti inafanya mtu kuwa bwana ya Wanjiro, basi mko wanne, na mmoja ashazikwa."

Hakucheka. Mimi pia sikuwa nacheka, ni mdomo tu imezoea.

"Nani aliona hii picha?" akauliza. "Nani alienda kwa Mama Kimeu?"

Sista, hapo ningeweza kusema sijui. Kulikuwa na nafasi. Jogoo hata aliwika, ningeweza kusema wacha nifukuze jogoo.

"Ni mimi," nikasema.

Alitoa miwani. "Miaka kumi na moja nimemfukuza mtu kwa geti yangu, Nzilani. Nimemwambia mtoto wa dada yangu hana kwao. Sababu ulipita kwa kioo."

"Ndiyo."

"Na umekaa hapa unakula na mimi."

"Ndiyo, mwana wa mwaitu." Mwana wa mama, tunaitana hivyo.

Akainuka akatoka. Panga aliiacha. Akaenda akasimama pale kwa mawe yake, mgongo kwetu, mpaka jua ikafika kwa kichwa.

Nikarudi kwa Kanyiva nimuombe msamaha. Nikapiga magoti kabisa. Nikaanza, "Ile maneno ya Mama Kimeu..." Akanikata.

"Nilijua ni wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Ni nani mwingine husimama kwa vioo vya watu?"

"Na hukusema!"

"Nilikuwa nangojea useme. Nilidhani ni wiki moja." Akashika sikio yangu akaivuta, vile mama alikuwa anatuvuta, lakini hana nguvu, ilikuwa kama anaipima. "Sasa nitoe hapa, Nzilani. Wewe ndiye uliniweka."

Vijiko vitatu.

Jumatatu, 15 Desemba

Kisilu haniongeleshi. Chumvi anaomba kupitia mtoto. Vijiko vinne.

Alhamisi, 18 Desemba

Vijiko vitatu. Kisilu alikaa na Kanyiva kutoka chakula ya mchana mpaka ng'ombe zikarudi. Nilisikiliza kwa mlango, naweza kudanganya lakini nilisikiliza. Alikuwa anamfukuzia nzi.

Jumamosi, 20 Desemba

Ndungu alikuja kwa geti kama kawaida, akasimama akingoja aambiwe ni nusu saa. Kisilu akamtolea kiti. Yeye mwenyewe, kile kizuri cha sebuleni. Akamwekea, akasimama hapo hajui mikono aweke wapi.

"Ndungu," akasema.

"Mzee."

"Mbuzi zako bado ziko?"

Ndungu akaangalia chini. "Hizo zilizeeka, mzee. Lakini mbuzi hazikosi."

"Tarehe ishirini na sita. Hata kama ni ndogo. Na ulete watu wenu." Alafu akaongeza na sauti ya mtu amekanyaga mwiba, "Na ile koti, uilete. Kanyiva anasema anataka picha."

Ndungu alitoka akaenda nyuma ya choo. Nikamfuata na maji, nikidhani ametapika. Alikuwa analia. Nikamwambia, "Baba Ciku, ni mimi nilikuharibia." Akakunywa maji yote. Akasema, "Mama Mutanu, siku hiyo ningetoa hiyo picha kwa kioo. Lakini ilikuwa imetoka vizuri."

Kanyiva vijiko vitano! Sista, tano! Lakini kufika ishirini na sita ni siku sita.

Jumatatu, 22 Desemba

Mbili. Nimetwanga mahindi ya muthokoi ya wageni.

Jumanne, 23 Desemba

Mbili. Anauliza kila saa, "Leo ni lini?"

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Watu wameimba kwa nyumba kwa sababu hawezi kuenda kanisa. Mama Kimeu aliimba vizuri, na nilimwomba msamaha nikiwa nimemshika mkono kwa jikoni, nikamwambia miaka hii yote umebeba mzigo yangu. Akasema, "Kwani unafikiri mimi sikuongeza? Ile majani chai ilikuwa yangu." Mwanamke ni mbaya huyo. Nampenda.

Kijiko moja. Mbingu ni nyeusi upande wa mto.

Ijumaa, 26 Desemba

Mungu anataka nini na sisi.

Ilinyesha kutoka alfajiri. Saa nne Ndungu akapiga simu, wako kwa drifti, pale gari huvukia mto, upande ule mwingine. Pikapu, mbuzi tatu, Ciku, Gikonyo mjomba wa Ndungu, na dada ya Ndungu. Na mto umejaa, maji ya rangi ya chai inabeba miti. Hakuna kupita.

Tulienda wote kusimama kwa ukingo, na miavuli, na gunia kwa kichwa. Tunawaona vizuri! Ungetupa jiwe ungempata Gikonyo. Akapiga kelele, "Hizi mbuzi zinauliza mmepika nini!" Mama Kimeu akajibu, "Ziambie tunazingojea!" Watu wakacheka. Nikamwona Ndungu ameinua kamera anatupiga, tumejipanga kwa tope kama watu wanangojea mkubwa wa serikali. Alafu akaiteremsha, akakaa kwa tairi, akashika kichwa.

Kisilu alipima maji na fimbo. Kila saa anapima. Saa nane fimbo ilichukuliwa.

Mimi nilikuwa nakimbia, mto na nyumbani, mto na nyumbani, na wewe unaijua hii mwili yangu. Kanyiva anauliza, "Wamefika?" Nasema, "Nimewaona, wako hapo tu." Si uongo. Mara ya nne akaniambia, "Nzilani, usinipe picha, nipe maneno." Nikamwambia mto umejaa. Akafunga macho. Akasema, "Sasa nitangojea na nini?"

Nikakaa kwa kitanda nikamwambia umbea yote najua. Yote, Sista. Nani ana mimba, nani anajifanya ana mimba, pasta anapaka nywele rangi gani. Hata zile niliapa sitawahi kusema. Niliogopa nikinyamaza atateleza. Aliangalia mdomo yangu tu. Nikiisha anasema, "Ingine."

Kisilu alirudi jioni amelowa, akasimama mlangoni. Wenye pikapu watalala kwa kanisa ya upande ule. Akamwambia Kanyiva, "Mwana wa mwaitu, nilikosa miaka, usinikatalie siku moja."

Alikula: hapana. Sifuri.

Jumamosi, 27 Desemba

Naandika haraka, nimejificha nyuma ya jikoni, moshi iko kwa macho.

Maji ilishuka asubuhi mpaka kwa mapaja. Kabla Ndungu atoe viatu, Kisilu alikuwa ashaingia. Na suruali yake ya kanisa! Akavuka, akasalimia Gikonyo, akachukua mbuzi moja akaiweka kwa mabega, akarudi nayo ikimlilia kwa sikio. Mama Kimeu akasema hajawahi kuona mtu akijibebea ntheo ya dada yake. Ndungu nyuma na ya pili, Gikonyo na ya tatu, Ciku na kamera juu ya kichwa kama maji ya kisima.

Tumechinja ile nyeusi. Mbavu ziko kwa moto, wajukuu wamezunguka kama paka, kachumbari nimekata mpaka nikalia na nikashukuru vitunguu kwa kunipa sababu. Gikonyo na Kisilu wamekula kwa sahani moja. Imeliwa, Sista. Pande zote mbili wamekula. Na Kisilu alisimama akasema mbele ya watu wote, "Huyu akienda, ataenda kwake." Alafu akaenda akaanza kutoa yale mawe, moja moja, akayapanga kwa mlango ya jikoni, ati ya kukalia.

Kanyiva tumemtoa kwa godoro, kivulini. Amekuwa mwepesi, Ndungu alimbeba kama nguo. Hajafungua macho sana. Nilichukua mafuta ya mbavu na kidole nikampaka kwa midomo. Alilamba. Tukangoja wote, hata watoto. Akasema, "Chumvi imezidi."

Alikula: supu, kijiko moja. Na hayo mafuta.

Sasa wanapanga picha. Ndungu amevaa koti, ile, na kifungo ya kahawia, na Ciku ako katikati yao. Wakauliza nani atapiga, maana Ndungu leo yuko ndani. Mutanu wangu akasema ako na simu. Gikonyo akasema ataweza. Kanyiva bila kufungua macho akasema, "Nzilani apige. Yeye ndiye alieneza ile ingine, hii pia ataieneza." Watu wakacheka, mimi nikatoroka nikaja hapa na daftari. Sista, sijawahi kushika kamera. Na nikiangalia kwa hiyo shimo yake ndogo nimuone vile amebaki, na Ndungu vile amemshika shingo isianguke, mkono yangu itatulia aje? Nikiiharibu hakuna ingine. Wacha kwanza nipanguse

Ni yeye anaita. Ndungu. Miaka kumi na moja hajaniita hivyo.

"Shemeji! Shemeji, kuja haraka, kabla alale!"